Potasiamu ikitoka, kalsiamu huingia: ushirika wa hatari ndani ya seli ya saratani

Kwenye rafu moja ya duka letu la dawa hapa Tanga zimekaa dawa tatu ambazo machoni pa mteja hazina undugu wowote. Amlodipini ni ya presha. Glibenklamidi ni ya sukari. Klotrimazoli ni ya fangasi, ile tyubu ambayo kwa joto hili la pwani karibu kila nyumba imewahi kuinunua. Mbili za kwanza zinafanya kazi kwa kuziba chaneli za ioni, yaani protini zenye tundu katikati zinazokaa kwenye utando wa seli na kupitisha chumvichumvi zenye chaji ya umeme. Ya tatu inaua fangasi kwa njia nyingine kabisa, ila ikiingia ndani ya mwili wa binadamu nayo inaziba chaneli moja, na kisa chake ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Nitakifikia.

Kilichonifanya niandike leo ni swali la kijana mmoja aliyekuja na cheti cha shangazi yake. Shangazi ana saratani ya titi, anakwenda na kurudi Dar es Salaam kwa matibabu kwenye taasisi ya saratani ya Ocean Road, na kabla ya hapo alikuwa mgonjwa wa presha wa miaka mingi. Kijana alikuwa amesoma kwenye simu kwamba kalsiamu inaipa nguvu saratani, na kwamba dawa za presha zinaingilia mambo ya kalsiamu. Akaniuliza, "Dada, hivi hizi dawa za presha hazimwongezei ugonjwa?" Nyuma yake kulikuwa na foleni, nikamjibu kwa ufupi kwamba shangazi aendelee na dawa zake. Jibu refu halikuwezekana pale dirishani. Swali lake ni zuri sana, na linagusa jambo nililolisomea kwa mapenzi makubwa nilipokuwa shahada ya uzamili: jinsi chaneli za kalsiamu na chaneli za potasiamu zinavyosaidiana ndani ya seli ya saratani.

Nianze na hesabu, maana bila hesabu hii mengine yote yanakuwa maneno matupu. Ndani ya seli potasiamu ni nyingi, kama milimola 140 kwa lita, na nje ni haba, milimola 4 au 5. Kwa kalsiamu ni kinyume, tena kwa tofauti kubwa mno. Nje ya seli, kalsiamu iliyo huru ni zaidi kidogo ya milimola 1. Ndani, seli ikiwa imetulia, ni kama nanomola 100, na nanomola ni sehemu moja tu ya milioni ya milimola. Hiyo ni tofauti ya mara 10,000 na zaidi. Seli inatumia nguvu nyingi usiku na mchana kuitoa kalsiamu au kuifungia kwenye maghala yake, hasa retikulamu endoplazimu, kwa sababu kalsiamu kwake ni amri. Ikipanda kidogo tu, protini nyingi zinaamka: seli inajongea, inagawanyika, inatema homoni, au inajiua.

Potasiamu yenyewe haitoi amri. Kazi yake ni umeme. Chaneli ya potasiamu ikifunguka, potasiamu inatoka, inaondoka na chaji chanya, na ndani ya seli kunabaki hasi zaidi. Kama chaneli za potasiamu ndizo peke yake zilizo wazi, volti ya utando inashuka kuelekea milivolti −90.

Sasa angalia glibenklamidi. Kwenye kongosho kuna seli za beta zinazotoa insulini. Mtu akila, glukosi inaingia kwenye seli hizo, inazalisha nishati, na nishati hiyo inafunga chaneli ya potasiamu. Potasiamu haitoki tena, ule uhasi wa ndani unapungua, na chaneli za kalsiamu ambazo hufunguka kwa volti zinafunguka. Kalsiamu inaingia, insulini inatoka. Glibenklamidi inafanya njia ya mkato: inaifunga ile chaneli ya potasiamu hata bila glukosi ya kutosha, na ndiyo maana tunamsisitiza mgonjwa asiimeze kisha akae na njaa. Kwenye moyo mpangilio ni huohuo. Kalsiamu inaingia wakati wa pigo, kisha potasiamu inatoka, utando unarudi kwenye uhasi wake, na chaneli za kalsiamu zinafungwa hadi pigo linalofuata. Kwa hiyo kila mwanafunzi wa famasia anatoka chuoni na kanuni moja kichwani: potasiamu ikitoka, kalsiamu inazuiwa.

Kwenye seli nyingi za saratani kanuni hiyo inageuka juu chini. Potasiamu ikitoka, kalsiamu ndiyo inaingia zaidi. Hili likishaeleweka, mengine yanafunguka yenyewe, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Seli ya titi, ya utumbo mpana au ya kibofu si seli ya moyo. Haina mapigo, na kalsiamu yake kwa sehemu kubwa haipiti kwenye zile chaneli zinazofunguliwa na volti. Inapita kwenye chaneli za namna nyingine, na maarufu kati yake ni Orai1. Watafiti waliitambua mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya kutambuliwa kwa mwenzake, STIM1. STIM1 inakaa kwenye utando wa lile ghala la kalsiamu la ndani na kupima kiasi kilichobaki. Ghala likipungua, STIM1 zinakusanyika karibu na utando wa nje na kuifungua Orai1, kalsiamu inaingia kutoka nje. Mwaka 2009 kundi moja la watafiti Marekani lilionyesha kwamba seli za saratani ya titi zikipunguziwa Orai1 au STIM1 haziwezi tena kuhama vizuri, na kwenye panya zinasambaa kwa kiasi kidogo zaidi.

Orai1 haisubiri volti ili ifunguke. Lakini ikishakuwa wazi, kiasi cha kalsiamu kinachopita kinategemea sana mvuto wa umeme. Kalsiamu ina chaji chanya mbili. Kadiri ndani kunavyozidi kuwa hasi, ndivyo inavyovutwa kwa nguvu. Ukifanya hesabu ya karatasini, volti ambayo mvuto wa kalsiamu ungeisha ni zaidi ya milivolti +120. Seli ikiwa kwenye −20, nguvu inayoisukuma kalsiamu kuingia ni kama milivolti 145. Ikishuka hadi −60 inakuwa kama 185. Hilo ni ongezeko la zaidi ya robo, na kwa kuwa Orai1 hupitisha kwa wepesi zaidi kadiri ndani kunavyokuwa hasi, ongezeko halisi la kalsiamu linapita hapo.

Seli za saratani kwa kawaida huwa na uhasi mdogo kuliko ndugu zao wazima. Clarence Cone aliliandikia jambo hili miaka ya mwanzo ya 1970, akilihusisha na tabia ya seli hizo ya kugawanyika bila kupumzika. Seli iliyo kwenye uhasi mdogo namna hiyo ikipata chaneli ya potasiamu ya kufungua, ina nafasi kubwa ya kushuka, na kila milivolti inayoshuka inalipwa kwa kalsiamu.

Nani anaifungua hiyo chaneli ya potasiamu? Hapa ndipo ninapostaajabu kila mara. Kalsiamu yenyewe. Kuna ukoo mzima wa chaneli za potasiamu zinazofunguliwa na kalsiamu. BK ndiyo kubwa, yaani inapitisha potasiamu nyingi kuliko wenzake. Inahisi kalsiamu na volti kwa pamoja. SK1, SK2 na SK3 ni ndogo, hazijali volti, zimefungamana na kalmodulini, protini inayonasa kalsiamu, na kalmodulini ikinasa, tundu linafunguka. KCa3.1 iko katikati kwa ukubwa na nayo inatumia kalmodulini. Kwa hiyo duara linakamilika: kalsiamu inaingia kupitia Orai1, inafungua SK3, potasiamu inatoka, ndani kunakuwa hasi zaidi, kalsiamu zaidi inavutwa kupitia Orai1. Nipe nikupe. Kwenye seli ya moyo mmoja anamzuia mwenzake, kwenye seli ya saratani kila mmoja anamwita mwenzake.

Kazi iliyonifungua macho ilifanyika Tours, Ufaransa, kwenye kundi la Christophe Vandier. Mwaka 2006 walitoa ripoti kwamba SK3 ipo kwenye seli za uvimbe wa titi na haipo kwenye tishu ya titi isiyo na saratani, na kwamba seli zinaihitaji ili zihame. Zikinyimwa SK3 zinaendelea kuishi na kugawanyika, ila kuhama kunapungua. Tofauti hiyo ni muhimu sana kwa yeyote aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa saratani ya titi. Uvimbe uliobaki kwenye titi unaweza kukatwa. Kinachoua wengi ni seli zilizohama na kwenda kwenye mifupa, mapafu, ini na ubongo.

Mwaka 2013 kundi hilohilo likaja na jambo zito zaidi. SK3 na Orai1 hazikutani kwa bahati. Zimekaa pamoja kama kundi moja, kwenye sehemu maalumu za utando zenye kolesteroli nyingi. Kalsiamu inayoingia kwenye seli haisafiri mbali. Inanaswa au inatolewa upesi sana, na penye ujazo mkubwa ni pale tu karibu na tundu ilikopitia. Anayetaka kuitumia lazima akae hapo. Ni kama mama anayeuza maandazi aliyeweka meza yake getini kwa shule: watoto anawapata wakitoka tu, kabla hawajatawanyika. SK3 imejiweka getini kwa Orai1.

Matokeo ya ukaribu huo ni kwamba kalsiamu inaingia mfululizo hata seli ikiwa haijachochewa na chochote. Kalsiamu hiyo inaamsha kalpaini, kimeng'enya kinachokata protini zinazoishikiza seli mahali pake. Seli inanata mbele, inakatwa nyuma, inavutika, inasogea. Watafiti wale walipoichunguza seli kwenye kiwango kikubwa cha kalsiamu ya nje, kama kile kinachopatikana mahali ambapo mfupa unaliwa na saratani, jambo lilizidi. Fikiria maana yake. Saratani ikishafika kwenye mfupa inauvunja, mfupa unaachia kalsiamu, na kalsiamu hiyo inalisha kile kile kilichoileta seli pale.

Wakatengeneza pia mafuta fulani ya maabara yanayoitwa Ohmline. Ni ndugu wa edelfosini, dawa ya zamani iliyochunguzwa dhidi ya saratani, ila kichwa chake chenye fosfati kimeondolewa na badala yake kuwekwa sukari, laktosi. Ohmline haiui seli. Inajipenyeza kwenye utando, inavuruga ule mpangilio wa kolesteroli, na SK3 na Orai1 zinatolewa pale zilipokaa na kutengana. Chaneli zote mbili bado zipo, lakini ule ushirika umevunjika, kalsiamu ya mfululizo inapungua, na kwenye panya saratani iliyokwenda kwenye mifupa ikapungua. Kwangu huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote. Ukiziba chaneli na ugonjwa ukapungua, umeonyesha kwamba chaneli ina kazi. Ukizitenganisha mbili bila kuondoa hata moja na ugonjwa ukapungua, umeonyesha kwamba ni ule ushirika wenyewe.

Niseme jambo moja kwa haki. Sehemu ya kazi hiyo ilitumia seli zinazoitwa MDA-MB-435s, na kwa muda mrefu pamekuwa na mjadala kama asili yake ni titi kweli, maana vipimo vya jeni vinaziweka karibu na melanoma, saratani ya ngozi. Sioni kwamba hilo linaangusha hoja. SK3 imeonekana ikifanya kazi hiyohiyo kwenye seli za melanoma, na kwenye saratani ya utumbo mpana SK3 na Orai1 zimekutwa pamoja na mwenzao wa tatu, TRPC1, chaneli nyingine inayopitisha kalsiamu. Hata hivyo anayesoma utafiti wa saratani ya titi inafaa atazame ni seli gani zilitumika kabla hajamwambia mgonjwa chochote.

Nilibahatika kukaa miezi michache kwenye maabara moja huko Ufaransa, nikajifunza kupima mkondo wa chaneli hizi kwa pachi-klampu, mbinu ya Erwin Neher na Bert Sakmann waliyoanza nayo mwaka 1976 na kuipatia Nobeli mwaka 1991. Acha nieleze inavyokuwa, maana nyumbani watu wengi wakisikia "utafiti wa saratani" wanafikiria darubini tu. Unachukua kijibomba cha kioo, mashine inakipasha moto katikati na kukivuta mpaka kinakatika, na ncha inabaki na tundu la kama mikromita moja. Unakijaza maji ya chumvi yenye kiasi cha kalsiamu ulichokipima mwenyewe. Unaishusha ncha chini ya darubini polepole mpaka iguse seli, kisha unavuta pumzi kidogo kwenye mrija wa plastiki ulioushika mdomoni, na utando wa seli unang'ang'ania kioo. Kwenye skrini ukinzani unapanda hadi kupita gigaomu moja. Unavuta tena, kwa mkupuo, utando unapasuka, na maji yako yanakutana na ndani ya seli.

Nilichokuwa nakisubiri ni hiki: maji ya kijibomba yakiwa na kalsiamu ya mikromola moja, chaneli za SK3 zinafunguka ndani ya sekunde, na mstari kwenye skrini unainuka. Halafu unaongeza apamini kwenye maji ya nje. Apamini inatoka kwenye sumu ya nyuki. Kiasi cha nanomola tu, na mstari unashuka taratibu mbele ya macho yako. Hapo huhitaji mtu akuambie kwamba chaneli ipo. Siku za mwanzo nilikuwa nikiikodolea macho skrini ile hadi watu wanaondoka kwenda kula.

Sasa klotrimazoli.

Mwaka 1958 huko Hungaria, György Gárdos aligundua kwamba chembe nyekundu ya damu ikipata kalsiamu ndani yake, inapoteza potasiamu. Hakuwa akitafuta saratani. Chaneli aliyoiona ndiyo tunayoiita leo KCa3.1, na wengi bado wanaiita chaneli ya Gárdos. Potasiamu ikitoka, kloridi inafuata, maji yanafuata, na chembe inasinyaa. Kwa mtu mwenye selimundu huo ni msiba, kwa sababu chembe ikikauka himoglobini yake mbovu inabanana na kuganda kwa haraka zaidi, na chembe inajikunja umbo la mundu. Tanzania inakadiriwa kuwa na watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka, ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa kabisa duniani, kwa hiyo chaneli ya Gárdos si jambo la mbali kwetu. Mama anayekuja kwangu kuchukua foliki asidi ya mwanawe, ndani ya damu ya mtoto yule kuna kalsiamu inayofungua KCa3.1 muda huu ninaoandika.

Ikaja kuonekana kwamba klotrimazoli inaiziba KCa3.1. Carlo Brugnara na wenzake huko Boston waliijaribu kwa wagonjwa wachache wa selimundu, wakachapisha mwaka 1996, na chembe zao zilipungua kukauka. Lakini klotrimazoli ya kumeza inaingilia vimeng'enya vya ini, haifai kwa muda mrefu. Ndipo watafiti wakatengeneza ndugu zake wasio na tabia hiyo: TRAM-34, iliyotangazwa na Heike Wulff na wenzake mwaka 2000, na senikapoki, iliyofika hadi majaribio makubwa kwa wagonjwa wa selimundu. Senikapoki ilipandisha himoglobini, ikapunguza kuvunjika kwa chembe, lakini haikupunguza yale maumivu makali yanayowalaza watu hospitalini, na jaribio likasimamishwa mwaka 2007. Niliposoma habari hiyo iliniuma, kwa sababu dawa ilifanya kila kitu kama ilivyotarajiwa isipokuwa kile mgonjwa anachokihitaji zaidi.

Chaneli ileile inaonekana tena kwenye glioblastoma, saratani kali ya ubongo. Seli za uvimbe huo hupenya katikati ya tishu ya ubongo iliyobanana, mara nyingi zikifuata kuta za mishipa ya damu. Harald Sontheimer na wenzake, wakiwa Alabama, walionyesha namna: seli inajipunguza ukubwa, karibu theluthi moja, ili ipite. Kalsiamu inapanda ndani, KCa3.1 inafunguka, potasiamu na kloridi zinatoka, maji yanafuata. Ukisoma mistari hiyo baada ya ile ya selimundu unaona ni tukio lilelile. Kwenye damu, kusinyaa ni ajali inayomtesa mtoto. Kwenye ubongo, seli ya saratani imeitumia kama ufundi wa kupenya. Mantiki ya kuijaribu senikapoki dhidi ya uvimbe inatoka hapa: imeshamezwa na binadamu, ikajulikana inavyovumilika, na inagonga chaneli ambayo uvimbe unaitegemea.

Zipo jozi nyingine, nizitaje kwa haraka. Kwenye seli za saratani ya tezi dume zinazoitwa LNCaP, watafiti wa Lille, Ufaransa, walikuta BK imeungana na Cav3.2, chaneli ya kalsiamu inayofunguka kwenye volti za chini kabisa, kiasi kwamba inavujisha kalsiamu hata seli ikiwa imetulia. Kv10.1, chaneli nyingine ya potasiamu, nayo ni ya ajabu. Mahali pake pa kawaida ni ubongo, lakini Luis Pardo, Walter Stühmer na wenzao, Göttingen, walionyesha mwaka 1999 kwamba ukiilazimisha kwenye seli nyingine inaweza kuzisukuma kwenye tabia za saratani. Kisha kundi la Halima Ouadid-Ahidouch huko Amiens likaonyesha kwenye seli za saratani ya titi kwamba Kv10.1 inasaidia uhamaji wa seli kwa kuivuta kalsiamu kupitia Orai1. Jina la Orai1 linajitokeza kila mahali, na mwenza wake wa potasiamu anabadilika kufuatana na uvimbe.

Kwa nini basi tusizibe tu hizi chaneli za potasiamu tukamaliza? Kwa sababu mwili mzima unazitumia. Apamini niliyoisifu hapo juu ikifika kwenye ubongo inazuia pia SK2 na kuleta degedege. Kwenye moyo ipo hERG, ndugu wa Kv10.1, dawa inayoiziba inaweza kuvuruga mapigo na kuua, na ndivyo astemizoli, dawa ya mzio inayogonga chaneli zote mbili, ilivyoondolewa sokoni Marekani mwaka 1999. Ndiyo maana mimi naweka matumaini kwenye njia ya Tours ya kutenganisha. Orai1 peke yake inahitajika na chembe za kinga. Waliozaliwa na hitilafu yake wanaugua maambukizi makali tangu uchanga. SK3 peke yake ina kazi kwenye neva na mishipa ya damu. Lakini SK3 iliyokaa getini kwa Orai1, kwenye seli ya titi, ni mpangilio ambao seli ya titi isiyo na saratani haina. Dawa inayolenga ule ukaribu ina nafasi ya kumgusa mgonjwa kidogo na uvimbe sana. Ohmline imefika kwenye panya. Haijawa dawa ya kumwandikia mtu.

Nirudi kwa shangazi. Amlodipini na nifedipini zinaziba chaneli za kalsiamu za aina ya L, zile zinazofunguliwa na volti kwenye misuli ya mishipa na ya moyo. Orai1 ni protini nyingine, yenye umbo jingine, inayofunguliwa kwa njia nyingine. Dozi ya kawaida ya presha haikulengwa kuiziba wala kuilisha. Ile hofu ya kijana naamini ilitoka kwenye utafiti wa Seattle wa mwaka 2013, uliokuta wanawake wa miaka 55 hadi 74 waliotumia dawa za kundi hili kwa miaka 10 na zaidi wakiwa na saratani ya titi zaidi ya mara mbili kuliko wasiozitumia. Ulikuwa utafiti wa kuangalia waliougua na wasiougua, na tafiti kubwa zilizofuata kwa sehemu kubwa hazikuuona uhusiano huo. Presha iliyoachwa bila dawa, kwa upande mwingine, nimeona inavyowapooza watu mtaani kwangu, na mgonjwa anayepokea dawa kali za saratani anauhitaji moyo wake na figo zake kuliko wakati mwingine wowote. Akitaka kubadilishiwa dawa ya presha, azungumze na daktari anayemtibu saratani, asiache mwenyewe.

Na kwa kuwa nimeandika habari za klotrimazoli, naomba mtu asije dukani akitaka tyubu ya kupaka kwenye uvimbe. Krimu ile inabaki kwenye ngozi. Haifiki kwenye KCa3.1 ya seli iliyo ndani ya titi au ubongo, na uvimbe wa titi unaopakwa dawa nyumbani ni uvimbe unaopewa muda wa kuhama. Ukigusa kinundu, nenda kapimwe wiki hiyohiyo. Kijana amesema Jumamosi atakuja na shangazi mwenyewe, na nimemwambia waje mchana, wakati duka halina watu, tukae tuzipitie dawa zake zote moja moja.